Disketi Iliyokaushwa kwa Moshi

Kila Jumamosi asubuhi Benigna alikuwa na kazi tatu: kuchota maji, kumenya ndizi, na kumwonea wivu Kezia. Hii ya tatu hakutumwa na mtu, lakini ndiyo aliyoifanya kwa bidii zaidi.

Kezia alikuwa binti wa shangazi yake. Alihamia kwao Kanazi kutoka Goziba, kisiwa cha wavuvi wa dagaa, baada ya UKIMWI kuwachukua wazazi wake wote wawili. Mwanzoni Benigna alimpokea vizuri, akamgawia hata nusu ya kitanda. Mambo yaliharibika pale Mwalimu Kagaruki wa kituo cha yatima alipoleta kompyuta ya kwanza kijijini, akamchagua Kezia kuwa msaidizi wake.

"Mtoto wa dagaa anabonyeza kompyuta, mimi namenya ndizi," Benigna alinung'unika, huku kisu chake kikila maganda na ndizi yenyewe.

Ndani ya kompyuta ile mlikuwa na habari za watoto wote waliolipiwa ada na kituo. Kwa kuwa jenereta ilikuwa na vituko vyake, Mwalimu alitengeneza nakala ya akiba kwenye disketi tano, akampa Kezia azitunze nyumbani pamoja na moja tupu. Wivu wa Benigna ukapanda hadi kooni. Kezia alipokwenda kisimani, Benigna alibandua namba ya disketi ya tatu, akaibandika kwenye ile tupu.

Ile ya kweli hakutaka iharibike. Aliifunga kwa jani kavu la mgomba, akaiweka kwenye kichanja juu ya jiko, mahali ambapo mama yake, Ma Alistidia, alitunza mbegu za maharage zisiliwe na wadudu. Kama mbegu zinapona huko, aliwaza, disketi itashindwaje? Alitaka Kezia aaibike kidogo tu, kiti cha mbele ya kompyuta kiwe chake.

Haukupita muda mrefu, jenereta ikazimika ghafla. Kompyuta ilipowashwa tena, habari zote zilikuwa zimepotea. Mwalimu hakushtuka, kwani nakala ilikuwepo. Disketi ya kwanza ikasomwa, na ya pili pia. Ya tatu ikakataliwa. Alisafisha mahali pa kuingizia disketi, akakaza waya, akaanza upya. Kompyuta ikagoma palepale.

Benigna alikuwa mlangoni. Alikuwa amemletea Kezia chakula, huruma ambayo hakuwahi kuwa nayo.

Mwalimu alimuuliza Kezia kama disketi zililowa. Kezia alikana huku machozi yakimtoka. Mwalimu akapumua kwa nguvu, akasema nakala ni moja iliyogawanywa kwenye disketi zote tano, hivyo ikifa moja yote ni mbovu. Angezifuta disketi zote zitumike tena, waanze kukusanya habari upya nyumba kwa nyumba. Na Kezia apumzike kwanza, atafutwe mwingine.

Kezia aliinuka. "Mpe Benigna, Mwalimu," alisema. "Anasuka mikeka, vidole vyake vyepesi kuliko vyangu."

Mwalimu akakubali, Benigna akakaa. Kiti kilikuwa bado na joto la Kezia. Mwalimu alipoinyanyua disketi ya kwanza ili aifute, Benigna alishindwa kuvumilia.

"Usifute, Mwalimu. Ya tatu iko jikoni kwetu, juu ya moshi. Niliificha mimi, nikabandika namba yake kwenye ile tupu."

Kezia alifuta machozi, akamkodolea macho. "Umeikausha kama dagaa?"

Disketi ilipoletwa, ganda lake lilikuwa limepinda kwa joto, haliingii. Mwalimu alieleza kwamba habari zimo kwenye utando mwembamba wa duara ulio ndani. Ukiwa mzima, unaweza kuvishwa ganda jingine. Alipasua maganda ya disketi zote mbili kwa wembe. Kezia alishika ganda la ile tupu, Benigna akauhamisha utando polepole, pumzi ameibana.

Kompyuta ilinguruma, ikaipokea. Ikapokea ya nne, ikapokea ya tano. Majina yakaanza kurudi kwenye kioo, la Kezia likiwa miongoni mwayo. Benigna aliinamisha kichwa, akamwomba radhi.

"Nilikuwa nalaumu mashine, kumbe kasoro ilikuwa ni wivu," Mwalimu alisema. "Huwezi kutengeneza kitu ukifichwa kilichokiharibu. Na wewe Benigna, ungeniomba nafasi ningekupa. Ukimwangusha mwenzako, kiti hakiongezeki."

Ma Alistidia naye alimpa adhabu ya kusugua masizi ya jiko lote. Jumamosi iliyofuata Benigna alichota maji, akamenya ndizi, kisha akaenda kituoni na kigoda chake kichwani, akakiweka kando ya kiti cha Kezia. Kazi yake ya tatu alikuwa ameiacha.