Fundi Aliyeitwa Ngamia

Katika chumba cha kushonea sare za shule walikaa mafundi sita, wote wanawake. Cherehani zilipangwa safu mbili. Vipande vya kitambaa cha buluu vilitapakaa sakafuni. Pembeni kulikuwa na ndoo ya maji ya kunywa, na juu ya kifuniko chake kikombe kimoja. Kikombe hicho kilikuwa na vumbi.

Fundi aliyekaa karibu na mlango aliitwa Ngamia. Asubuhi alikunywa chai kikombe kimoja nyumbani kwake. Baada ya hapo hakugusa maji wala kwenda chooni mpaka jioni. Wenzake walimsifia. Naye, tuseme ukweli, alijisikia.

Chanzo cha yote kilikuwa ufunguo. Choo kilikuwa nyuma ya jengo, na ufunguo wake ulikaa mfukoni mwa msimamizi. Alikifunga kwa sababu wapita njia walikuwa wakikichafua. Hapo hakukosea. Lakini kila fundi aliyeutaka alilazimika kumfuata mezani kwake, mbele ya wateja, na bwana yule alipenda utani.

"Tena? Wewe bomba lako limepasuka?"

Wateja walicheka. Yeye alicheka kuwashinda. Mafundi wakaona ni nafuu kukaa na kiu.

Siku moja Ngamia alisikia moto alipokojoa. Alinunua vidonge dukani, akameza siku mbili, akapata nafuu. Vilivyobaki akavitia kabatini. Maumivu yakarudi, naye akafanya vilevile. Mara ya tatu yalikuja na homa, na mgongo ukamuuma chini ya mbavu. Mama mkwe wake alimkuta amejikunyata kitandani mchana kweupe, siku ya kazi. Mama huyo hakuwa mtu wa maneno mengi. Alimwekea viatu miguuni.

"Vaa, mwanangu. Leo hatubahatishi."

Kwenye zahanati, nesi alipima mkojo wake. Kisha akavuta kiti.

"Kwa siku unakunywa maji kiasi gani?"

"Kidogo tu. Sina kiu."

"Huna kiu, au unajizuia?"

Ngamia alitazama viatu vyake.

"Kazini kwenu choo kiko wapi?" nesi akauliza.

Swali hilo hakuwahi kuulizwa na mtu. Alieleza yote: ufunguo, meza, vicheko. Alilia, halafu akajikasirikia kwa kulia.

Nesi alimweleza taratibu. Vijidudu vimeingia kwenye njia ya mkojo. Mtu anayekunywa maji ya kutosha na kukojoa kila anapohisi haja huvitoa nje. Anayebana mkojo huvipa nafasi ya kuzaliana. Na anayeacha dawa katikati huviacha vingine hai, ndiyo maana ugonjwa wake ulikuwa ukirudi. Sasa vimeanza kupanda kwenye figo.

"Figo ikiharibika vibaya, huwezi kuishona kama sare," alisema. "Dawa hizi nitakupa, na utazimaliza zote hata ukijisikia mzima. Lakini ule ufunguo sina dawa yake. Ukirudi kukaa na kiu ileile, utarudi hapa, na hali itakuwa mbaya zaidi."

Ngamia alilala nyumbani siku saba. Wenzake walikuja kumjulia hali. Aliwasimulia aliyoambiwa. Kisha mmoja akasema kwamba naye anasikia moto. Mwingine akasema hivyohivyo. Wa tatu alikuwa mjamzito, na alikuwa akiyaficha maumivu hayo kwa miezi miwili. Kumbe ngamia walikuwa wanne. Kesho yake wale watatu walikwenda zahanati pamoja.

Siku ya kurudi kazini, Ngamia alikwenda moja kwa moja kwenye meza ya msimamizi. Wateja walikuwepo.

"Karibu, Ngamia," msimamizi alisema. "Leo jangwa limekushinda?"

Ngamia alikuwa amepanga kusema kwa upole. Mpango ukamtoka.

"Bosi, nimelala siku saba kwa ajili ya huo ufunguo. Ugonjwa umefika kwenye figo. Wenzangu watatu wanaumwa hivihivi, na mmoja ana mimba. Tunaacha kunywa maji kwa sababu tukija kwako unatucheka."

Safari hii hakuna aliyecheka. Msimamizi alisema alidhani anachangamsha kazi tu. Inawezekana kweli alidhani hivyo. Alitoa ufunguo mfukoni, akausukuma kwa Ngamia kwa kidole.

"Ufunguo ukae kwenu," alisema, bila kuinua macho.

Mafundi waliufunga kipande cha kitambaa cha buluu, wakautundika kwenye msumari karibu na mlango wao. Walipeana zamu za kusafisha choo, na sabuni haikukosekana. Kila mmoja alileta kikombe chake. Ngamia alimaliza dawa zote. Alipopimwa tena, mkojo ulikuwa safi, na figo zilikuwa salama. Ndoo ya maji sasa hujazwa mara mbili kwa siku.

Juzi msimamizi alijisahau, akamtania tena kwa jina la Ngamia mbele ya wateja. Fundi alikuwa na kikombe mkononi. Alikunywa maji yake mpaka tone la mwisho. Kisha akachukua ufunguo msumarini, akapita mbele ya ile meza bila haraka yoyote.