Rangi Nyekundu Kwenye Spika ya Kushoto

"Nani mwingine ameshawahi kuifungua hii amplifaya?"

"Hakuna. Wewe ndiye wa kwanza."

"Fikiria vizuri kabla hujanijibu."

"Nishakujibu, mpenzi. Vipi, imeharibika sana?"

Risasi alikuwa ameibana simu kati ya bega na sikio, mikono yote miwili imeinua spika ya kushoto kuelekea dirishani. Jina hilo alipewa na wateja, kwa sababu hakosi kipande cha risasi ya kulehemu mkononi, na pia kwa sababu akishakasirika hasogeleki. Aliyekuwa upande wa pili wa simu ni mchumba wake, mpiga gitaa, ambaye mtaa mzima unamwita Solo. Harusi yao ilikuwa Jumamosi.

Amplifaya yenyewe ilikuwa ya marehemu baba yake Solo. Sanduku kubwa la mbao, zito kama nini, lenye zile taa za kizamani za kukuza sauti ndani na spika mbili. Solo alitaka kuipigia siku ya harusi ili baba yake naye awe na sauti pale. Tatizo ni kwamba kila uzi mnene wa gitaa ulipoguswa, ilikoroma. Risasi akasema lete, hiyo kazi ya asubuhi moja.

Alikuwa ameanza vizuri. Alichomoa waya wa spika ya kulia, akaiacha ya kushoto peke yake, akagusa uzi mnene. Zzzzz! "Kumbe ni wewe," akaiambia. Kawaida yake ni kubadilisha, asikilize na ya pili peke yake kabla ya kumlaumu yeyote. Safari hii hakufika huko. Alifungua ubao wa nyuma, ndani akakuta skrubu moja imefungwa kwa utepe na kubandikwa ukutani mwa sanduku, akadhani ni ya akiba. Akaitoa spika. Karatasi yake ilikuwa na mpasuko wa urefu wa kidole, na juu ya mpasuko mtu alikuwa amepaka rangi ya kucha. Nyekundu, nene, imekauka mpaka imepasukapasuka.

Risasi hapaki rangi ya kucha. Kucha zake ni fupi na mbili zimeungua. Lakini kwenye bendi ya Solo kuna mwimbaji ambaye kucha zake nyekundu unaziona kutoka mlangoni, yeye akiwa jukwaani.

"Solo, humu ndani kuna rangi ya kucha."

Akaigeuza spika kwenye mwanga, akisubiri jibu.

"Umenisikia?"

"Nimekusikia."

"Ni ya nani?"

"Achana nayo hiyo. Wewe ziba tu, mpenzi."

"Niachane nayo? Nakuuliza ni ya nani!"

"Tutaongea."

"Kwa hiyo unamjua."

Alimsikia akivuta pumzi.

"Namjua. Ila siwezi kukwambia."

Risasi akakata simu. Akaiweka spika mezani. Akaandika ujumbe: "Usije hapa. Na hiyo suti ya Jumamosi irudishe dukani."

Jibu likaja hapo hapo: "Nakuapia sijawahi kukusaliti. Nipe mpaka jioni."

"Mpaka jioni ukaupange uongo wako vizuri?"

Nyumbani kwao, Solo aliusoma ujumbe huo amesimama, akaenda mbio chumba cha mbele. Mama yake ni fundi cherehani, na nguo iliyokuwa chini ya sindano wakati ule ilikuwa gauni la bibi harusi mwenyewe.

"Mama, naomba uniruhusu nimwambie."

"Umwambie nani, na umwambie nini?"

"Ile spika. Ameifungua."

Cherehani ikanyamaza.

"Uliniahidi, wewe."

"Nilikuwa mtoto, Mama. Nilikuwa mgonjwa kitandani, ningejibu nini? Sasa anadhani nina mwanamke."

"Na akijua ni mimi? Atakuja kuishi karibu na mama mkwe wa namna hiyo? Atanionaje?"

"Sijui atakuonaje. Ninachojua ni kwamba mimi hatanioa."

"Wewe ndiye unayeoa, bwana."

"Kwa hali ilivyo, Mama, hakuna anayeoa hapa."

Mama alilitoa gauni chini ya sindano. Akachukua mtandio wake.

"Kaa hapa."

"Nakuja na wewe."

"Basi utabaki nje ya mlango. Siwezi kulisema hili huku unanitazama."

Kwenye karakana yake, Risasi alikuwa amebandua ile rangi yote na kuiweka kwenye kifuniko cha mkebe. Alijiambia anairekebisha amplifaya ili amrudishie mwenyewe na wasidaiane maneno. Alishaziba mpasuko kwa karatasi laini na gundi isiyokaza, ikakauka, akairudisha spika mahali pake na ubao wa nyuma akaufunga. Alikuwa analia na kufanya kazi, vyote kwa pamoja.

"Hodi humu."

"Karibu. Shikamoo, mama." Akajifuta uso haraka kwa kitambaa cha kazi, akajipaka weusi shavuni.

"Marahaba, mwanangu. Kaa."

"Mama, kama amekutuma uje kumtetea..."

"Hajanituma. Ile rangi ni yangu."

Risasi hakukaa.

"Yako?"

"Yangu. Na mpasuko ni wangu pia. Mume wangu alikuwa anafanya mazoezi. Mtoto alikuwa na homa kali, namwita baba yake aje tumpeleke hospitali, hasikii. Namwita, hasikii! Nikambeba mwenyewe, nikaenda. Tuliporudi yeye katoka. Nikachukua mkasi wangu wa kazi, nikafungua ubao wa nyuma, nikaichoma hiyo spika yake."

"Eeh, mama!"

"Nikaogopa. Nilikuwa na chupa ya rangi ya kucha mezani, nikaziba nayo. Nageuka, huyu mumeo mtarajiwa ananitazama toka kitandani. Nikamwapisha. Baba yake amekufa hajui. Toka siku ile sijapaka kucha zangu tena."

Risasi aliinua kifuniko. Vile vipande vya rangi vilivunjika kwa kuguswa tu, kama ganda la yai. Rangi ya mwaka huu haivunjiki hivyo. Alijua tangu mwanzo vitu hivi vinavyozeeka. Ila hakutaka kutazama.

"Yuko wapi?" akauliza.

"Hapo mlangoni. Kanuna."

"Solo! Ingia."

Solo aliingia, hakujua pa kuweka mikono.

"Nimekuhukumu kwa spika moja," Risasi akasema. "Sikujaribu hata ya pili. Nisamehe."

"Nimekusamehe. Lakini ulinitisha, mama wee."

"Na wewe usiniambie tena 'achana nayo'. Sema ni siri ya mtu mwingine, nitakusubiri. Naweza kusubiri."

"Wewe? Kusubiri?"

"Nitajifunza."

Mama akacheka kidogo, akavuta kigoda akakaa. Solo akachomeka gitaa, akagusa uzi mnene.

Zzzzz!

Wote watatu wakatazamana. Kama mpasuko haukuwa tatizo, tatizo lilikuwa nini, na Jumamosi ndiyo hiyo? Safari hii Risasi akafanya kazi inavyotakiwa. Akachomoa ya kushoto, akaisikiliza ya kulia peke yake. Ikakoroma vilevile.

"Basi si spika kabisa," akasema. "Piga tena, usisimame."

Solo akapiga. Ikakoroma, halafu ghafla ikanyamaza, ukabaki mlio mzito, safi.

"Umefanya nini?" Risasi akamuuliza.

"Sijafanya kitu."

Akageuka. Mama alikuwa ameegemea sanduku, kiganja kimelala juu ya pembe ya ubao wa nyuma.

"Mama, toa mkono."

Zzzzz.

"Weka."

Safi.

"Kwa nini umeweka mkono hapo hapo?"

"Mazoea tu. Marehemu alikuwa akipiga hataki nikae mbali. 'Njoo ukae hapa, mama watoto, weka mkono hapa, muziki unanoga ukiwa karibu.' Nilijua ananibembeleza. Wanamuziki, si unawajua."

"Zamani pia alikuwa akikuita hivyo?"

Mama akafikiri.

"Hapana. Alianza baada ya ile homa ya mtoto."

Risasi akainama kwenye ile pembe. Tundu la skrubu lilikuwa tupu, ndiyo maana ubao ulikuwa ukitetemeka pale. Akaulegeza ubao, akaingiza mkono ndani kwa nyuma, akabandua ile skrubu yenye utepe, akaijaribu. Ilikaa sawasawa. Kingo za utepe zilikuwa zimekunjwa kwa makini na mtu asiyetaka kitu chake kipotee.

"Mama, haikuanguka hii. Marehemu aliitoa mwenyewe, na alipofungua humu lazima aliiona rangi yako."

Mama aliitazama skrubu.

"Alijua," akasema. "Alijua kuhusu mkasi. Hakunigombeza hata siku moja. Akaharibu sanduku lake ili nipate pa kukaa karibu naye, anisikie nikimwita."

Akalia kwa sauti, na Solo akapiga magoti, akamshika.

Risasi alisubiri. Kisha akauliza taratibu, bisibisi mkononi:

"Niifunge, mama?"

"Irudishe ulipoitoa."

"Itakoroma Jumamosi."

"Haitakoroma. Wimbo wa kwanza nitakaa mimi hapa." Akajifuta macho kwa mtandio, akauchukua mkono wa Risasi uliojaa weusi wa kazi, akauweka juu ya pembe ya ubao. "Wa pili na kuendelea, ni mahali pako. Solo, piga."