Udongo wa Ukuta wa Ntsoudjini

Ilianza kwa harufu ya lami inayoungua, jikoni ambako moto haukuwa umewashwa. Ilikuwa siku ya tatu tangu Sittina akandike meko yake kwa udongo wa ukuta wa zamani wa mji. Ulikuwa karibu, naye alikuwa amechoka. Binti yake Moina, ambaye hata kusema hajaanza, aliyapenda meko hayo; kila akiachwa chini, aliyaramba.

Jioni mumewe, Zoubeir, alirudi kutoka kazini Moroni na mkate. Mguu ukiwa kizingitini, sauti ya kiume ikauliza kutoka mekoni, "Nani huyo?"

"Zoubeir wa Majunga," akajibu, akidhani ni mgeni.

Kitu kikamsukuma kifuani, akaanguka uani.

Ikawa hivyo kila jioni: sauti, kisha harufu, kisha nyayo nzito zikizunguka nyumba kama za mlinzi wa zamu, zikipita dirishani, zikirudi, zikisimama mlangoni, huku Sittina amemkumbatia mtoto na mumewe amejikunyata barazani. Jirani yao, Bibi Hadidja, hakuacha kuwaletea uji.

"Mamluki walishuka pwani na bunduki, ukuta ukalala," alinong'ona. "Huyu anakuja na mkate, umeamka."

"Kwa nini yeye, Bibi?" Sittina akauliza.

"Ulijengwa kuzuia maharamia wa Bukini, ng'ambo kule iliko Majunga, mwanangu. Jini wake akisikia Majunga, hasikii lingine."

"Lakini wazee wake ni wa Mutsamudu, visiwa hivi hivi."

Zoubeir alicheka kidogo pale barazani. "Kule Majunga walinifukuza kwa mapanga kwa kuwa Mkomoro. Huku mimi Mbukini. Nimechoka kuulizwa nani."

Fundi Dhoihir, mganga wa majini, aliwaamuru wabandue udongo wote kwa kijiko, akaosha mahali pale kwa marashi, wakaurudisha ukutani kabla ya magharibi. Harufu ikaisha. Zoubeir akaingia, akala, akalala fofofo. Sittina akampepea hadi mkono ukafa ganzi.

Kesho yake Zoubeir akarudi na mkate. Moina alikuwa ameketi kizingitini, amenyoosha vijikono kuziba njia. Pembeni mwa midomo yake palikuwa na udongo mkavu.

"Nani huyo?" akauliza, kwa sauti nzito ya kiume.

 Zoubeir alimega sehemu laini ya ndani ya mkate, akamwekea mwanawe kiganjani, akaenda kutandika mkeka wake barazani.