Nilikata Simu Kabla Mzee Hajamaliza

Nina miaka arobaini na moja na sijaoa. Nyumba ninayo, vyumba vinne, bati la rangi, sakafu ya vigae, hapa hapa Gendabi. Duka ninalo Katesh, la redio, spika na sola. Stashahada yangu ya umeme imetundikwa ukutani ndani ya fremu. Vyote nimevipata kwa jasho langu, na sioni aibu kuvitaja... Lakini ndugu wasomaji, katika nyumba hiyo nakula peke yangu, na aliyenifikisha hapa ni mimi mwenyewe.

Mama alifariki nikiwa mchanga. Baba alimfuata nilipokuwa na miaka minne. Nikalelewa na mdogo wake, baba mdogo Bura, ambaye baadaye aliuza ng'ombe ili nisome chuo.

Baba mdogo alikuwa mpiga gitaa. Ujanani alipigia bendi moja ya Arusha, na wimbo mmoja wa bendi hiyo redio huupiga mpaka leo kwenye vipindi vya zilipendwa. Kijijini wote walisema solo ya wimbo ule ni ya Bura. Ukipigwa, watu walinyamaza wakamtazama, naye akainamisha kichwa akitabasamu. Jumapili alipigia kwaya ya kanisa.

Mimi nilikuwa mtu wa roki. Nilikuwa fundi mitambo ya muziki miaka kumi na miwili kwenye hoteli ya watalii Arusha, na bendi za zamani za Wazungu nilizijua, mpiga gitaa mmoja mmoja, kuliko watu wanavyowajua wajomba zao. Niliporudi nyumbani, siku za mnada wanaume walikaa mbele ya duka langu tukabishana. Nani mkali wa gitaa? Bendi ipi ilikuwa bendi kweli? Kopi inaweza kuupita wimbo wenyewe? Niliwashinda wote. Nani angebishana na mwenye spika?

Siku moja ya mnada wimbo wa baba mdogo ukapita redioni, naye akiwa amekaa pale pale na fimbo yake. Nikawaambia watu kwamba hiyo ni kopi ya wimbo wa Wazungu. Nikaupiga ule wa Wazungu kwenye spika, wakakubali. Baba mdogo mwenyewe alikubali. Alisema kopi si dhambi, mradi uweke na chako kidogo.

Kwa nini sikuishia hapo?

Mzee Tarmo, dereva mstaafu wa malori, akanitania. "Haya, fundi. Kopi au si kopi, hiyo solo kaipiga Bura. Mwenye gitaa kwenu ni yeye. Wewe una spika tu."

Watu wakacheka. Mimi, mwenye stashahada, nichekwe mbele ya duka langu? Kulikuwa na mzee mmoja wa bendi ile niliyefahamiana naye hotelini. Nikampigia simu, nikaiunganisha na spika. Baba mdogo akanishika mkono.

"Acha, mwanangu."

Nikadhani anaogopa. Sikuacha. Nikamuuliza yule mzee nani alipiga solo, na sauti yake ikajaa mnadani: "Alipiga Kalisti, marehemu. Bura siku ya kurekodi hakuwepo. Bura ali..."

Nikakata.

"Mmesikia?" nikawauliza.

Wachache walicheka. Wengi walitazama chini. Baba mdogo akachukua fimbo yake akaondoka polepole katikati ya mbuzi wa watu.

Kesho yake nilimkuta zizini. Nikamwambia shikamoo. Hakuitika. Huku kwetu shikamoo haiachwi hewani! Hata waliogombania mpaka wa shamba huitikiana kwanza, ndipo watukanane. Nilirudia kesho yake, na keshokutwa... kimya. Gitaa nalo halikuonekana tena kanisani.

Nilikuwa na mchumba, Martina, muuguzi, kwao Masieda. Posa ilikuwa imepangwa baada ya wiki tatu, na baba mdogo ndiye angetuongoza, kwani ndiye baba niliyebaki naye. Hakusema haendi. Asubuhi ile gari lilisimama mlangoni kwake, tukaambiwa ametoka na ng'ombe alfajiri.

Nikasema twende tu. Nina nyumba, nina duka, watanikataaje? Wazee wa Masieda walitupokea vizuri, wakatulisha, kisha wakauliza baba wa kijana yuko wapi. Mshenga wangu akaanza kujikanyaga. Baba yake Martina akaniangalia.

"Habari za mnadani zimefika hapa kabla yako," alisema. "Aliyekulea umemvua nguo kwa sababu ya wimbo. Mimi mkwe utanivua kwa sababu ya nini?"

Martina alikuwa jikoni. Nilisikia analia, lakini hakutoka. Sasa ameolewa Dongobesh.

Kwa hasira nikampigia tena yule mzee wa Arusha. Nilitaka ushahidi zaidi! Akaniambia nilikata simu hajamaliza. Solo ile aliitunga Bura. Bendi ilikuwa inakopi wimbo, Bura akaweka chake. Kabla ya siku ya kurekodi akaletewa habari kwamba kaka yake amefariki, akaenda kuzika. Walimngoja mpaka zamu yao studio ikafika, ndipo Kalisti akapiga kama Bura alivyomfundisha. Bura akaandika barua kwamba harudi tena. Ameachiwa mtoto wa miaka minne.

Mtoto huyo ni mimi.

Ningekimbia siku ile ile nikapige magoti! Lakini kiburi hakikuniacha hata kwenye toba. Nilitaka msamaha wa kishindo. Nikaagiza gitaa jipya Arusha, nikapanga kumkabidhi siku ya mnada, ukweli wote utoke kwenye spika ile ile. Gitaa lilichelewa. Siku mbili kabla ya mnada baba mdogo alianguka zizini. Kiharusi.

Mama mdogo, mke wake, hakunifokea. "Kwamba aliyesikika redioni si yeye, sisi wakubwa wa nyumba hii tulijua," aliniambia. "Aliniambia kabla hajanioa. Ungeuliza nyumbani."

Wewe unayerudi kwenu na cheti na maneno ya mjini, nakusihi... Usimhukumu mzee wako kwa nusu ya habari, tena mbele za watu. Na ukishamkosea, usingoje zawadi. Nenda siku hiyo hiyo, mikono mitupu.

Mkono wake wa kulia haunyanyuki. Gitaa jipya liko uvunguni mwa kitanda changu. Kila asubuhi naenda kumwambia, "Shikamoo, baba mdogo." Ananitazama. Daktari anasema anasikia vizuri, na kwamba maneno hurudi moja moja, mgonjwa hachagui lipi lianze.

"Maji" limesharudi. "Ng'ombe" limerudi. Wiki iliyopita alimwita mama mdogo kwa jina lake.

Marahaba bado.