Ndiva Isiyo na Mwenyewe

Mafuko ya chuma, mitambo midogo iliyoundwa mfano wa mnyama fuko, yalikuwa yakichimba ndani ya ukuta wa ndiva tangu alfajiri. Kila fuko lilikuwa na ukubwa wa ngumi. Lilipenya udongoni likinusa unyevu, na lilipokuta ufa liliutapikia utomvu ulioganda papo hapo. Hivyo ndivyo Wapare wa zama hizo walivyotunza ndiva zao, mabwawa madogo ya udongo yaliyoshika maji ya mlimani.

Lakini siku hiyo mafuko yaliishiwa utomvu kabla nyufa hazijaisha.

Mhandisi Namkunda, mkaguzi wa mabwawa, alisimama ukingoni mvua ikimchapa. Ukuta ulikuwa umeanza kutoa jasho la tope upande wa chini, na huko chini ndiko kilikokuwa kijiji.

"Fungua lango la chini," aliiamuru Akili, mtambo uliotawala ndiva.

"Wewe ni mkaguzi," Akili ikajibu kwa sauti ya upole. "Sheria imekupa macho, haikukupa mkono. Namtii mwenye mali tu."

Mwenye mali, Mzee Mchome, aliyeichimba ndiva ile katika shamba lake, alikuwa amefariki. Wanawe wawili walikuwa wameigombania tangu matanga, kila mmoja akidai maji ni yake. Namkunda akawapigia wote kwa pamoja, sura zao zikaelea hewani mbele yake.

"Mmoja wenu aseme ni yake, aamuru lango lifunguliwe," alisihi. "Ukuta unabomoka!"

Nakiete, binti mkubwa, alitazama pembeni. "Nikisema ni yangu, na maji yakaua mtu?"

"Utawajibika. Ndiyo sheria."

"Basi ya kaka yangu hiyo."

"Mimi?" Eliapenda akaruka. "Mimi sina ndiva, dada. Sijawahi kuwa nayo."

Sura zao zikazimika.

"Warithi wameikana," Akili ikasema. "Sasa haina mwenyewe. Atakayetamka kuwa ni yake itakuwa yake, pamoja na yote yatakayotokea."

Namkunda alimkumbuka bintiye aliyemwacha Same akijiandaa kwenda shule. Akatazama mapaa ya kijiji. King'ora kilikuwa kimeshalia, na watu walikuwa wakipanda mlima na watoto mgongoni. Bado kulikuwa na watu bondeni, lakini bonge la udongo lilimeguka ukutani mbele ya macho yake.

"Ni yangu," alisema. "Fungua."

Lango likanguruma. Maji yalitoka kwa hasira, yakabeba daraja la miguu na migomba yote ya bondeni. Ukuta ukatulia. Kijiji kikapona.

Kikapona, isipokuwa mwanakijiji mmoja, Senkoro, aliyechukuliwa na maji aliporudi mtoni kumfungua ng'ombe wake.

Siku ya maziko Namkunda alikwenda, ingawa wenzake ofisini walimkataza. Mjane wa Senkoro, Namsifu, alikuwa ameketi mkekani. Nakiete na Eliapenda nao walikuwapo, wameinamisha vichwa.

"Ndiva ile ya nani?" mjane aliuliza.

Warithi hawakuinua macho.

"Ni yangu, mama," Namkunda alisema. "Mimi ndiye niliyefungulia maji. Nilijua kuna watu bado bondeni."

Namsifu hakulia, wala hakumtukana.

"Walioniletea pole wote wameniambia ni mapenzi ya Mungu," alisema. "Wewe peke yako umeniambia ni wewe. Kesho nitakushtaki, mwanangu. Lakini leo, kama kweli ni yako, iondoe. Sitaki kulala tena chini ya maji ya mtu."

Namkunda akainua chombo chake cha mkononi, akaiamuru Akili imwage maji pole pole hadi yaishe, kisha ukuta ubomolewe.

Eliapenda alisimama ghafla. "Huwezi! Ule ni urithi wa baba yetu!"

"Maji yetu hayo!" Nakiete akapaza sauti.

Mjane akageuka, akawatazama wote wawili, na kilio alichokuwa amekizuia tangu msiba uanze kikamtoka.