Wageni Wasimame

Antoni hakuwa anajua kupika ugali. Mwaka wa tatu ulikuwa umepita tangu mke wake, Séverine, afariki, na ugali wake ulikuwa na madonge bado. Kila jioni aliula amekunja uso, kisha akailaumu serikali.

"Serikali imeingiaje kwenye sufuria yako, Mzee Antoni?" aliuliza Generosa, jirani yake, akicheka.

"Séverine angekuwepo, mimi ningekula madonge?"

Generosa aliacha kucheka. Habari ile aliijua, na makazi yote yaliijua.

Makazi yao yalikuwa ya wakimbizi kutoka Burundi. Antoni aliingia hapo mwaka 1972, kijana mwenye jembe moja na blanketi moja. Alilima mahindi, maharage na tumbaku, akaoa, akazaa. Lakini mtu wa makazi hakutoka hivi hivi kwenda Mpanda mjini. Ilibidi kwanza aombe kibali ofisini, karatasi yenye muhuri. Njiani palikuwa na kizuizi, na walinzi wake walitaka kuiona karatasi hiyo.

Séverine alipozidiwa na homa, Antoni alikwenda ofisini kuomba kibali cha kumpeleka hospitali. Karani akamwambia, "Mkubwa hayupo. Subiri." Antoni akakaa kwenye benchi asubuhi. Jua likapanda, likashuka, yeye yuko palepale. Karatasi aliipata kesho yake. Alipofika nayo nyumbani, majirani walikuwa wameshaanza kuchimba kaburi.

Tangu siku hiyo Antoni aliapa. Ofisi ile hataikanyaga tena.

Sasa ilikuwa mwaka 1996. Binti yake wa pekee, Emelyne, alikuwa Majengo, pale Mpanda mjini, akijifunza cherehani kwa kibali cha masomo. Huko akapata mchumba, fundi seremala aitwaye Method. Jumanne moja ikaja barua. Antoni alikuwa anasoma kwa kuvuta herufi moja moja, kwa hiyo alimpa Generosa. Generosa alikuwa akifundisha watu wazima kusoma na kuandika.

Generosa akasoma: "Baba, shikamoo. Jumapili hii mchungaji anataka kutangaza ndoa yetu mara ya kwanza. Katika kanisa hili mzazi wa binti husimama mbele ya watu akakubali. Mzazi asiposimama, hawatangazi. Njoo, baba. Usiniangushe."

 Antoni akauliza kwa sauti ndogo, "Kanisa gani hilo?"

"La walokole. Kama langu mimi."

"Mana yanje, Mungu wangu! Mimi ni Mkatoliki tangu tumboni. Nasikia huko wanamshika mtu kichwa anaanguka chini kama gunia."

"Nani kakuambia? Wale wa kilabuni?"

"Watu wanasema."

"Basi nisikilize mimi ninayekwenda," alisema Generosa. "Ukifika mlangoni, kuna mtu wa kupokea watu. Mwambie wewe ni mgeni, atakuonyesha pa kukaa. Wakisimama, simama. Wakikaa, kaa. Wakati wa maombi wataomba wote kwa pamoja, kwa sauti kubwa. Usishtuke, hawagombani. Wewe sali rozari yako moyoni. Wakigawa meza ya Bwana, baki umekaa. Hakuna atakayekulazimisha kuanguka wala kubatizwa."

"Hivyo tu?"

"Kuna jambo moja. Watasema wageni wasimame. Utataja jina lako, unakotoka, na aliyekualika."

Antoni alichukua barua mkononi mwake, akaikunja.

"Mwalimu," alisema, "hayo ni maswali ya kizuizini."

"Kanisani ni salamu."

"Jina lako nani! Unatoka wapi! Nani amekutuma! Neno kwa neno! Nikisema natoka makazi, atakosekana mtu wa kuniuliza karatasi?"

"Kwa hiyo nenda ofisini kesho ukaombe. Unaeleza unakwenda wapi, kufanya nini, na unarudi lini. Siku za kazi zimebaki tatu."

"Siendi."

"Mzee Antoni..."

"Nimesema siendi! Wakubwa wale waliniulia mke wangu. Siwapi hata salamu yangu."

Jumapili alfajiri Antoni alipanda baiskeli bila kibali. Alipokaribia kizuizi aliacha barabara, akaingia porini. Aliisukuma baiskeli kwenye majani marefu, akisimama kusikiliza kwa kila tawi lililovunjika. Wakati mmoja alisikia watu wakikohoa, akalala kifudifudi kwenye umande. Kumbe walikuwa wachoma mkaa. Alifika Majengo suruali imelowa mpaka magotini, na shati limeshika matope.

Kanisa lilikuwa la matofali ya udongo, bati juu, ngoma zikilia ndani. Mlangoni Antoni alitafuta maji ya baraka, kama alivyozoea. Aliona ndoo pembeni. Akachovya vidole, akafanya ishara ya msalaba. Akina mama wawili walitazamana. Ile ilikuwa ndoo ya maji ya kunywa.

"Bwana asifiwe, mzee wetu!"

Antoni aligeuka. Akarudi hatua moja nyuma. Mbele yake alisimama mwanamume mrefu aliyevaa sare ya mgambo, buti na mkanda.

"Milele... amina," alijibu.

"Mimi naitwa Evarist. Nimetoka lindo moja kwa moja, hata nguo sijabadili. Wewe ni mgeni?"

Antoni alitikisa kichwa, akakataa, kisha akakubali. Evarist akacheka, akamshika mkono. Hakuuachia. Alimpeleka mpaka benchi la mbele kabisa. Antoni alitembea akiangalia milango. Ulikuwepo ule wa nyuma, na mwingine mdogo ubavuni, upande wa kushoto.

Emelyne alikuwa kwenye kwaya. Alipomwona baba yake uso wake uling'aa, na Antoni akasahau hofu kidogo. Lakini maombi yakaanza. Watu mia walipaza sauti kwa pamoja. Mama mmoja nyuma yake alilia, "Mfichue, Bwana! Mfichue!" Antoni aliona anaombewa yeye.  Aligeuza shingo. Evarist alikuwa amesimama mlangoni, amekunja mikono.

Kisha mchungaji akasema, "Sasa, wageni wasimame, tuwafahamu."

Alisimama mama mmoja. "Bwana asifiwe. Naitwa Specioza. Natoka Kabungu. Nimealikwa na dada yangu." Watu wakampigia makofi. Evarist alikuwa amekuja karibu naye na daftari. Akaandika. Kisha akapiga hatua kuelekea benchi la mbele, kalamu mkononi.

Hatua moja. Hatua mbili. Buti zake zilisikika sakafuni.

Emelyne alimtazama baba yake, akamwashiria kwa kidevu. Simama, baba.

Antoni alisimama kweli. Lakini mdomo haukufunguka. Miguu ndiyo iliyokwenda. Alipita mlango mdogo wa ubavuni, akachukua baiskeli, akakanyaga kama mtu anayefukuzwa na nyuki. Nyuma yake alisikia sauti moja ikiita: "Baba!"

Hakugeuka.

Jumatatu Emelyne alifika makazini. Alikuta baba yake amekaa kizingitini. Hakumwamkia.

"Emelyne, mwanangu..."

"Unajua walichosema, baba? Mchungaji aliuliza, 'Mzazi wa Emelyne yupo?' Kimya! Akauliza tena. Kimya! Mama yake Method akasema hapo hapo, watu wanasikia, 'Huyu binti ana baba kweli, au tunaletewa hadithi?'"

"Nilimwona askari. Alikuwa na daftari."

"Evarist? Evarist ni mzee wa kanisa! Anaandika majina ya wageni ili kanisa liwaombee wiki nzima."

"Jina langu limeandikwa mara nyingi nchi hii. Sijaona lililoombewa."

Emelyne hakucheka. Machozi yalikuwa yanamtiririka. "Wazazi wa Method wamesema Jumapili ijayo ndiyo mwisho. Usiposimama, wanamtafutia mwingine. Baba, mama hayupo. Nani mwingine atanisimamia?"

Generosa alikuwa amesikia kutoka uani kwake. Alikuja, akavuta kigoda.

"Sikudanganyi, Mzee Antoni," alisema. "Kizuizi kipo. Sheria ipo, uipende usiipende. Lakini ona. Huna karatasi, ndiyo maana hata anayekukaribisha unamwona anakukamata. Maswali ya kanisani hayana ubaya. Ubaya uliubeba wewe mwenyewe kutoka porini."

"Kwa hiyo nikawapigie magoti waliomuua Séverine?"

"Nani kasema magoti? Kasimame dirishani, uombe kilicho haki yako. Ukiacha kuomba, wao hawapungukiwi na kitu. Anayepungukiwa ni huyu hapa." Akamwonyesha Emelyne.

Antoni aliinuka kizingitini.

"Utanisindikiza?" aliuliza.

"Mpaka mlangoni. Ndani utaingia mwenyewe."

Jumatano asubuhi Antoni aliingia ofisini. Benchi lilikuwa lilelile. Hata mguu wa benchi uliovunjika ulikuwa bado umefungwa kwa waya uleule.  Alinusa vumbi la yale makaratasi, na kwa dakika nzima alijiona siku ile, Séverine akiwa hai bado nyumbani, akisubiri.

"Karibu, baba," alisema karani. Alikuwa msichana mgeni, jina lake Goreth. "Nikusaidie nini?"

"Kibali." Antoni alisogea mezani. "Cha kwenda Mpanda."

"Kwenda kufanya nini?"

"Kumsimamia binti yangu kanisani. Anaolewa."

"Hongera! Unakwenda lini, unarudi lini?"

"Jumapili. Narudi Jumapili hiyo hiyo. Halafu Jumapili mbili nyingine zinazofuata. Ndoa yao inatangazwa mara tatu."

Goreth aliandika. Akaingia chumba cha ndani. Antoni alikaa ukingoni mwa benchi, akiwa tayari kwa siku nzima. Alikuwa amebeba kiazi cha mchana mfukoni. Lakini hata benchi halijapata joto, Goreth alitoka.

"Tayari, baba. Hii hapa."

Antoni aliipokea. Aliutazama muhuri, wino haujakauka. Hakuondoka.

"Kuna kosa, baba?"

"Kumbe ni hivi tu," alisema Antoni.

"Hivi tu nini?"

"Karatasi hii. Ni muda huu tu." Akalionyesha benchi. "Mke wangu alikuwa mgonjwa. Nilikaa hapa kuanzia asubuhi mpaka jioni nikiisubiri. Akafa."

 Goreth aliiweka kalamu chini. "Pole, baba," alisema mwishowe.

"Waambie wakubwa wako. Usiogope kuwaambia."

"Nitawaambia."

Antoni hakujua kama kweli angewaambia. Lakini yeye alikuwa amesema, na kwa miaka mitatu hakuwahi kulisema neno lile mahali lilipostahili kusemwa.

Jumapili alipita barabarani. Pale kizuizini alitoa karatasi kabla hajaulizwa. Mlinzi aliisoma karatasi polepole, akaigeuza nyuma, akaigeuza tena mbele.

"Nenda," alisema.

Mlangoni mwa kanisa Evarist alimwona, akapanua mikono. Leo alivaa shati jeupe. "Mzee wetu mkimbiaji! Leo benchi la mbele au karibu na mlango?"

"La mbele," alijibu Antoni. Hofu ilikuwepo bado.  Hata hivyo alikaa.

"Wageni wasimame, tuwafahamu."

Antoni alishika benchi kwa mikono miwili, akasimama. Watu waligeuka kumtazama, maana wengi walimkumbuka.

"Naitwa Antoni. Natoka makazi ya wakimbizi. Mimi ni Mkatoliki, na nitabaki Mkatoliki." Watu wakacheka kwa upole. "Nimealikwa na Emelyne. Ni mwanangu. Jumapili iliyopita nilikimbia kwa sababu niliogopa."

"Karibu sana, baba," alisema mchungaji. "Unakubali Emelyne aolewe na Method?"

"Nakubali. Na mama yake angekubali. Aliitwa Séverine." Akamgeukia Evarist. "Mwandike na yeye."

Evarist aliandika majina mawili. Mama yake Method, kwenye benchi la pili, aliinamisha kichwa.

Mchungaji akainua sauti. "Mwenye pingamizi na aseme."

 Huko nyuma benchi lililia, mtu mmoja akainuka. Antoni aligeuka. Mtu yule alikwenda dirishani, akalifunga, kwa sababu mvua ilikuwa imeanza.

"Hakuna pingamizi," alisema mchungaji. "Imetangazwa mara ya kwanza."

Sauti ya kwaya iliishinda mvua juu ya bati.

Siku ya harusi watu tisa wa makazi walikwenda Majengo. Wote walikuwa na vibali, kwa sababu Antoni aliwapeleka ofisini wiki nzima kabla. Njiani aliwaeleza mambo ya kanisa lile, nani atawapokea, lini watasimama, lini watabaki wamekaa. Lakini mchungaji aliposema wageni wasimame, hakuna aliyenyanyuka. Kila mmoja alimtazama mwenzake, na mmoja alikuwa ameshaanza kuangalia mlango wa ubavuni.

Antoni aliwageukia.

"Simameni, nyie," alisema. "Hawa wanataka kutujua tu."

Wakasimama, mmoja baada ya mwingine.