Funza wa Shavuni

Samaki wa kwanza usiku ule alitoka majini akiwa wa moto. Hakuwa wa kuunguza. Alikuwa na moto wa mtoto mwenye homa. Marva Haugen alimshika, akamtupa sakafuni mwa boti, akaufuta mkono kwenye suruali.

"Verne, hebu mguse huyu."

"Nimguse wa nini? Mtie kwenye barafu," mumewe akajibu kwa sauti nzito ya mtu mwenye kitu kinywani.

Na kweli alikuwa nacho. Verne alirithi tabia moja ya baba yake: funza wa chambo aliwaweka shavuni, kati ya ufizi na nyama, wapate joto. Funza wa baridi hulala kwenye ndoana kama punje ya wali, na kokani, samaki waliyemvulia, hamtazami. Funza aliyepashwa joto hujinyonganyonga. Marva alikuwa ameolewa miaka thelathini na minne, na bado aligeuza uso kila mumewe alipoingiza kidole mdomoni kumtoa mmoja.

"Iko siku watakuotea kama ndevu, mzee."

"Wewe kaa na chambo chako cha mahindi. Tuone nani atarudi na ndoo tupu."

Walikuwa wametia nanga mbili, ya mbele na ya nyuma, boti isiyumbe, na taa ilining'inia ubavuni ikivuta wadudu. Kokani ni samoni wa ziwani, anayekaa kwenye vina vya baridi. Chini futi thelathini na tano, Julai au Januari, maji yangegonganisha meno yako. Sasa samaki huyu joto alilitoa wapi?

Kabla hajauliza, ncha ya ufito wa kuvulia wa Verne ikatetemeka. Verne akavuta kwa nguvu, akapaliwa, akakohoa, kisha akacheka.

"Nimemeza mmoja!"

"Stahili yako."

Kicheko kikakatika. Verne alibaki ameketi, ulimi ukizungukazunguka mdomoni.

"Marva," akasema polepole, "alikuwa mtamu."

Hapo ndipo harufu ilipowafikia. Ilikuwa harufu ya vuli, wakati kokani wanapopanda kijito kutaga, miili ikigeuka myekundu na taya zikipinda kama kulabu, nyama ikiwaoza na bado wanaogelea, na hakuna hata mmoja anayerudi ziwani. Lakini huu ulikuwa mwezi wa saba.

Siku ya tatu Verne aliacha kula. Siku ya tano mgongo wake ukawa mwekundu. Daktari wa mjini akasema ni mzio, akatoa marhamu. Marva alipompaka, ngozi ikabandukia kiganjani mwake, laini, kama utando wa juu ya maziwa yaliyochemka. Alikimbilia sinki akatapika. Aliporudi, mumewe alikuwa akitabasamu.

"Haiumi," akasema.

Usiku shuka zililowa utelezi unaovutika kama ute wa yai, na Marva akalala ukingoni kabisa mwa kitanda akisikiliza kinywa cha mumewe kikifunguka na kufumbika, pa, pa, pa, bila kupumzika, na kila kilipofunguka harufu ya kijito ilitoka na kupanda ukutani na kuingia kwenye mto na kwenye nywele zake, naye akabana pua kwa blanketi na kujiambia kwamba huyu ni Verne, huyu ni Verne wangu, mpaka mkono wake, sasa wenye magamba membamba, ukamshika kiunoni.

"Mke wangu," sauti ikanong'ona, "nipeleke kijitoni."

"Kufanya nini?"

"Kumaliza."

Asubuhi alikwenda kwa Opal Trask, muuza chambo aliyewauzia funza wale, moyoni akiwa na matusi ya kutosha gunia. Hakupata nafasi ya kutukana. Opal alinusa tu, akaweka chini kikombe chake cha kahawa.

"Amefikia wekundu?"

Marva akaitikia kwa kichwa.

"Na taya?"

"Jana imeanza kupinda."

"Mlivulia pale penye shimo la chini ya ziwa, upande wa mwamba. Si ndiyo? Basi jini la humo limempanda. Lilimpanda mjomba wangu pia. Sisi tukajifanya wasomi, tukamlaza hospitali. Alitoroka. Tukamkuta kijitoni amekufa, kichwa kikielekea kijito kinakotoka." Alichukua mfuko wa chumvi ya mawe. "Mna kibanda cha kukaushia samaki? Twende. Tusimame hapa tuoze na sisi?"

Walimkalisha Verne juu ya kigoda ndani ya kibanda, wakamsugua chumvi, wakawasha kuni mbichi na kufunga mlango. Moshi ukajaa. Marva alimshika mumewe mabega, na mabega yakamteleza mikononi.

"Nani wewe uliye kichwani mwa mtu huyu?" Opal akauliza.

Jibu likaja kama mapovu. "Mwenye kina."

"Unataka nini?"

"Kijito."

"Hupewi."

"Basi kinywa."

"Ukitolewa utarudi kwako?"

"Nikibebwa kinywani. Nikitiwa chomboni, wenzangu watakuja kunitafuta. Nyumba hadi nyumba."

Opal alimtazama Marva, macho yakimtoka machozi ya moshi. "Mimi nina meno ya bandia, mama. Litapita chini yake. Ni wewe au hakuna."

Verne akainama, akaanza kutapika. Yalitoka maji meusi, kisha funza, konzi kwa konzi, wakimwagika sakafuni kwa sauti ya mchele unaopetwa, na mwisho kabisa, baada ya mkoromo uliomfanya Marva aamini kwamba mumewe anakata roho, likatoka lifunza moja nene kama kidole gumba, jeupe lenye mishipa ya waridi, na mbele, mahali pa uso, lilikuwa na taya mbili ndogo zilizopinda.

"Usilimeze," Opal akasema. "Hata likikubembeleza."

Marva akaliokota. Akafumba macho, akalitia kinywani.

Nje kulikuwa mchana kweupe. Watoto walikuwa wakiruka majini, mtu fulani akichoma nyama. Marva aliifungua boti, akawasha injini, kamasi na machozi yakimtiririka. Jirani yao, Dale Sipes, akapunga mkono kutoka gatini kwake.

"Marva! Mzee hajambo? Mbona umenuna, umekula limau?"

Akatikisa kichwa tu. Ndani ya shavu, kitu kile kilijinyoosha, kikatambaa juu ya ulimi, kikalipata pengo la jino lililong'olewa mwaka jana, kikajilaza humo na kuanza kunyonya ufizi kama mtoto anavyonyonya, na kinyaa kilichomkaba tangu asubuhi kikaanza kuyeyuka, kwa sababu utamu ulikuwa ukishuka kooni, utamu ambao hakuwahi kuuonja kwenye asali wala tunda wala busu, na alipofika penye shimo na kuzima injini na kuinama juu ya maji, mdomo ulikataa kufunguka. Haukuwa umekwama. Mwenyewe hakutaka.

Alijipiga ngumi ya taya. Mara ya pili. Mara ya tatu akatema, damu na ute na kile kitu, na maji yakakipokea bila sauti.

Aliporudi, Verne alikuwa kibarazani, amejifunga taulo, mwekundu kama kamba aliyechemshwa, taya imenyooka.

"Nina njaa," akasema. "Kuna mayai?"

Marva akakaa chini kwenye ngazi, akalia mpaka akaishiwa.

Ngozi ilipona kabla ya theluji. Waliuza boti, wakachoma kibanda. Opal alipomwuliza kama alitema lote, Marva alijibu lote, na hakusema uongo.

Lakini jioni moja, akiosha vyombo, alimwona Verne amesimama dirishani akilitazama ziwa, shavu likituna na kubonyea, ulimi ukitafuta kitu kisichokuwemo. Akataka kumkaripia. Ndipo alipohisi kwamba ulimi wake nao ulikuwa ukifanya vivyo hivyo.

Wakatazamana. Wakaona haya kama watu waliofumaniwa. Verne akashusha pazia.